Madarasa ya Watoto kwa Intaneti Mwishoni mwa Juma: Nani Anayemsikiliza Mtoto?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wazazi baada ya swala ya Isha. Tumeombwa tuyaandike kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wazazi. Tumewaita usiku huu kwa jambo linalowahusu watoto wenu, nalo linatuhusu sisi waalimu kwanza. Tungeweza kulipitisha kimya kimya, tukalirekebisha ndani ya chuo bila ya mtu kujua. Lakini amana haifichwi kwa mwenye nayo, na mtoto ni amana yenu kabla ya kuwa mwanafunzi wetu.

Tutaanza na mtoto mmoja, kwani yeye ndiye aliyetuamsha. Ni mvulana wa miaka tisa ambaye wazazi wake wanaishi Muscat. Kwa muda wa miaka miwili alihudhuria darasa letu la kila Jumamosi kwa njia ya intaneti, na katika daftari la mahudhurio jina lake halikukosa ila mara tatu. Mwezi wa Julai mama yake alikuja naye hapa Tanga kuwaona wazee, akamleta chuoni ili, kwa maneno yake, amsikie akisoma mbele ya mwalimu wake.

Tukamketisha mkekani, tukamfungulia juzuu ya 'Amma, tukamwambia asome Suratul-Bayyina. Akaisoma tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti nzuri na bila ya kusita. Hata hivyo kidole chake kilikuwa kimeutangulia ulimi kwa mistari mitatu. Tukadhani ni haraka za kitoto. Tukamgeuzia ukurasa, tukamwonesha Suratul-'Aadiyaat, tukasema: soma hapa. Akaweka kidole mwanzo wa sura, akavuta pumzi, akaanza tena Suratul-Bayyina.

Alikuwa hajui kusoma. Alikuwa amehifadhi sauti, naye akiitandaza juu ya ukurasa wowote aliofunguliwa. Tulipomwambia asome Suratuz-Zalzala kwa moyo, maneno yote yenye thaa aliyatamka kwa siin. Mama yake, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Ustadh, huyu mtoto kasoma nini miaka miwili yote?" Ndani ya mkoba wake alikuwa na cheti chenye muhuri wa chuo, kinachosema kuwa mwanawe amemaliza nusu ya juzuu ya 'Amma kwa kusoma na kuhifadhi. Saini iliyo chini ya cheti hicho ni yetu sisi.

Ndugu zetu, hatukuwa na jibu siku ile. Tumelitafuta tangu hapo, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mtakumbuka jinsi jambo hili lilivyoanza. Mwezi wa Machi 2020 shule za Tanzania zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa zote hadi tarehe 29 Juni. Chuo chetu nacho tulikifunga. Tukaanza na watoto 12 wa msikiti huu, Jumamosi na Jumapili, kwa simu za wazazi wao. Lilikuwa ni jambo la dharura, na lilikuwa na kheri nyingi. Kisha shule zikafunguliwa, watoto wa hapa wakarudi mkekani, lakini darasa la intaneti halikufa. Jamaa zetu walioko Oman na Uingereza walisikia, wakaomba watoto wao waingizwe, kwa kuwa huko waliko watoto wanakua bila ya chuo na hata bila ya Kiswahili. Wapo pia wazazi wa hapa hapa mjini walioona wepesi wa kumwachia mtoto simu kuliko kumpeleka chuoni kwenye jua. Darasa likafika watoto 43.

Nasi tulifurahi! Tukiri hilo. Tulitangaza idadi ile msikitini kama inavyotangazwa michango ya bati.

Sasa hebu tufanye hesabu ambayo tulipaswa kuifanya wakati ule. Programu ya Zoom tuliyoitumia bila ya malipo huwakatia watu mkutano baada ya dakika 40. Watoto 43 kwa dakika 40: hata tungeanza bila ya salamu na bila ya kuita majina, kila mtoto asingepata dakika moja kamili ya kusikilizwa. Kwa hiyo tulifanya kama tufanyavyo chuoni. Tulisoma nao wapaaze sauti kwa pamoja. Mkekani njia hiyo ni nzuri, na sisi sote tumelelewa nayo. Mwalimu mwenye sikio lililozoea husikia katika watoto thelathini yule mmoja aliyekosea, na kama hakumsikia basi humwona midomo yake.

Kwenye intaneti njia hiyo haipo, ijapokuwa inaonekana kama ipo. Sauti ya kila mtoto hufika kwa kuchelewa, na kila mmoja kwa kiasi chake: wa Muscat mapema, wa Leicester baadaye, wa Chumbageni mwenye bando lililokaribia kwisha mwishoni kabisa. Tena programu hizi zimeundwa kwa ajili ya mikutano ya watu wazima, ambapo anazungumza mmoja na wengine wanasikiliza. Zikisikia sauti nyingi kwa pamoja huipa nafasi iliyo kubwa na kuzififisha nyingine. Kinachomfikia mwalimu ni makelele ya vipande vipande. Basi tukafanya walivyofanya waalimu wengi duniani katika miaka ile: tukawazimia watoto sauti zote, tukasoma sisi, nao wakawa wanatufuata majumbani mwao bila ya kusikika. Tuliona midomo inacheza ndani ya vidirisha vidogo, tukajiambia kuwa wanasoma.

Jambo jingine tulilijua baadaye kabisa, nalo ni la elimu ya sauti. Simu ya kawaida hupitisha mitetemo iliyo kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde, basi. Kiasi hicho kinatosha kwa mazungumzo ya watu. Lakini kinachoipambanua siin na thaa, na thaa na faa, sehemu yake kubwa iko juu ya hapo. Simu za intaneti hupitisha zaidi, ila mtandao ukiwa dhaifu nazo hupunguza. Kwa hiyo hata pale tulipomfungulia sauti yule mtoto mara moja kwa mwezi ili atusomee, huenda thaa yake na siin yake zilitufikia zikiwa kitu kimoja, na sikio letu likajijazia lililotaraji kusikia. Mtoto wa bara anayesema "selasini" mwalimu wa mkekani humrekebisha kwa kumwonesha ncha ya ulimi baina ya meno. Kwenye kidirisha cha ukubwa wa stampu ya posta, ncha ya ulimi haionekani.

Wapo wazee wetu waliotuambia tangu mwanzo kuwa elimu ya Qur-aan haisomeshwi kwa simu, na baadhi yao wakataka jambo lote likatazwe. Tuliwajibu wakati ule, na jibu letu halijabadilika, kuwa chombo ni chombo. Hata kipaza sauti cha msikitini kilipata kubishaniwa katika miji mingi. Hata hivyo ndani ya maneno yao mlikuwamo ukweli ambao sisi tuliosoma ng'ambo tulipaswa kuuona kabla yao. Tumekaa miaka mbele ya masheikh tukisomeshwa maana ya talaqqi: mwanafunzi humsikia sheikh, kisha sheikh naye humsikia mwanafunzi. Nusu ya pili ndiyo yenye uzito. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akikutana na Jibril ('alayhis-salaam) kila Ramadhani kuidurusu Qur-aan, na katika mwaka wa mwisho wa maisha yake alifanya hivyo mara mbili. Imepokewa pia kuwa 'Uthman (radhiya Allaahu 'anhu) alipoipeleka misahafu katika miji, aliipeleka pamoja na wasomaji wa kuwasomesha watu. Msahafu ulikuwepo, umeandikwa. Bado palihitajika mtu mwenye sikio. Na Muhammad bin Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 256 Hijria, aliandika kitabu kidogo juu ya adabu za waalimu wa watoto. Humo anazungumzia ujira, adhabu, siku za mapumziko, na wajibu wa mwalimu kutoshughulishwa na mambo mengine akawaacha watoto. Kitabu hicho tulikisoma, tukatahiniwa, tukafaulu.

Sisi tulifanya nusu ya kwanza tu, ya kusomea watoto. Hiyo redio nayo huifanya, na bila ya ada ya mwezi.

Tusidhani kuwa haya ni ya Qur-aan peke yake. Wengi wenu mmewaandikisha watoto katika masomo ya ziada ya Hisabati na Kiingereza, nayo hufanyika siku hizo hizo za Jumamosi na Jumapili kwa intaneti, watoto wengi mbele ya mwalimu mmoja. Tumewauliza baadhi ya wazazi: mwanao aliulizwa swali lini mara ya mwisho? Hawajui. Wanajua ada, na wanajua saa ya kuanza.

Tunataka tuwape mfano wa nchi moja ya Afrika, kwa sababu umetufunza. Shule za Botswana zilipofungwa mwaka 2020, watafiti walizifikia familia zaidi ya 4,500 zenye watoto wa shule ya msingi. Familia nyingine zilitumiwa kila juma ujumbe mfupi wenye hesabu chache. Nyingine ziliongezewa simu ya mwalimu ya dakika 15 hadi 20 mara moja kwa juma, mzazi na mtoto wakiwa pamoja. Simu zenyewe ni zile za kawaida, hazina picha wala intaneti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: watoto waliopigiwa simu waliendelea mbele katika hesabu kwa kiasi cha kuonekana, na ujumbe wa maandishi peke yake ulifaa kidogo sana. Nchini Italia mwaka huo huo wa 2020, wanafunzi wa vyuo vikuu waliojitolea waliwasomesha kwa kompyuta na simu watoto wa shule za kati, kila mmoja na mtoto wake, saa chache kwa juma. Nao watoto wale walifaidika katika masomo na hata katika hali zao za moyo. Tazameni: Botswana hapakuwa na skrini kabisa, Italia ilikuwepo. Linalozikutanisha nchi mbili hizi ni kwamba kulikuwa na mtu mzima mmoja anayemngoja mtoto mmoja ajibu.

Na nyinyi wazazi tuna neno nanyi, na tunaomba lisichukuliwe kuwa ni kujitoa lawamani. Mara nyingi tumemwona mtoto amewekewa simu juu ya mto, baba yuko dukani, mama yuko harusini, na ndugu yake mdogo anapita mbele akikimbizana na paka. Tumesikia televisheni ikiendelea. Tulipopiga simu kwa mzazi mmoja kumwambia kuwa mwanawe hayupo mbele ya skrini, alitujibu kwa mshangao kuwa simu ipo pale pale na imewashwa.

Jambo la usalama hatuna budi kulisema waziwazi japo ni zito. Katika mwaka 2020 ilitokea katika nchi nyingi kwamba watu wasiojulikana waliingia katika madarasa ya watoto na kuonesha machafu, na ndipo programu ya Zoom ikaifanya nywila na chumba cha kusubiri viwe vinawashwa vyenyewe. Darasa letu liliingiliwa mara moja na mtu mzima ambaye hatukumjua. Alikaa dakika kadhaa kabla ya kutambulika, kwa kuwa katika majina 43 nani atalihesabu la 44? Hakusema kitu, Alhamdulillah. Kiungo cha darasa kilikuwa kimesambazwa katika kundi la ukoo. Tangu hapo hatumwandikii mtoto ujumbe wa faragha, wala mwalimu yeyote wa chuo hiki haruhusiwi kufanya hivyo. Maneno yote hupita kwa mzazi. Hatuzirikodi sura za watoto, na ni vyema wazazi wa mabinti walijue hilo kwa vile waliuliza. Mwalimu wa somo lolote akimwomba mwanao namba yake binafsi ili "amsaidie zaidi", mwondoe katika darasa hilo siku hiyo hiyo.

Na liko suala la siku zenyewe. Mwishoni mwa juma si kumoja. Mtoto wa Muscat hupumzika Ijumaa na Jumamosi, wa Leicester Jumamosi na Jumapili. Saa kumi ya alasiri ya hapa kwetu ni saa kumi na moja Muscat, na huko Uingereza ni saa nane mchana wakati wa kiangazi na saa saba wakati wa baridi, kwa sababu wao hubadilisha saa zao kila mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, na kila mara tulisahau, na kila mara watoto wa huko waliikosa darsa moja. Hayo ni madogo. Kubwa ni kuwa mtoto wa leo hana siku. Jumatatu hadi Ijumaa ni shule, jioni ni chuo, Jumamosi Hisabati, Jumapili Kiingereza. Serikali ya China mwezi wa Julai 2021 ilipiga marufuku makampuni kusomesha masomo ya shule siku za mapumziko ya juma, na kwa madarasa ya intaneti ikaweka mpaka wa dakika 30 kwa kipindi, mapumziko yasiyopungua dakika 10 baina ya vipindi, na mwisho saa tatu usiku. Hatusemi kuwa nchi ile ni kigezo chetu, wala katazo halikuondoa masomo ya siri majumbani. Tunasema kwamba walikaa wakahesabu dakika ambazo mtoto anaweza kuzistahimili, na sisi hatukuhesabu.

Basi tumeamua haya, na tumekwisha kuyaanza. Darasa la watoto 43 halipo tena. Kila kundi litakuwa na watoto sita, saa nzima. Kila mtoto atasoma peke yake dakika nane akisikilizwa, na dakika zinazobaki ni za salamu na somo jipya. Wenziwe wanapomsikiliza nao hujifunza, tena wana furaha ya ajabu ya kumkosoa. Kila juma tutamfungulia mtoto ukurasa asioutarajia, ili tujue kuwa anasoma macho na si masikio. Mtu mzima wa nyumbani, awe mama, baba, bibi au dada mkubwa, atakaa ubavuni mwake. Asipokuwepo mtu, mtoto huyo tutamsalimia, tutamuuliza hali, na darsa yake tutaihamisha. Asiye na bando atapigiwa simu ya kawaida, kwa gharama ya chuo. Hiyo tutaitumia kwa hifdhi. Herufi atakuja kuzirekebisha mkekani. Na mtoto anayeishi umbali wa kutembea kwa miguu hadi hapa, huyo hatumpokei kwenye intaneti tena, hata mzazi wake akilipa mara mbili. Tayari wawili wamekasirika.

Makundi manane yanahitaji waalimu, nasi tuko watatu. Vijana wetu wa kiume na wa kike waliomaliza kusoma msahafu wote hapa chuoni, na wengine sasa wako vyuo vikuu, tunawahitaji saa mbili kwa juma. Wa kike watawasikiliza mabinti. Tutawafundisha kwanza namna ya kusikiliza, maana imetudhihirikia kuwa ni fani.

Ama yule mvulana, mama yake aliahirisha safari, akabaki nasi majuma sita. Tulimrudisha kwenye alifu. Siku za mwanzo alilia, kwa kuwa alijiona ameshushwa mbele ya watoto wadogo, nasi tulimwambia mbele yao kuwa kosa lilikuwa la mwalimu. Alipoondoka alikuwa akisoma mstari mmoja kwa kidole, pole pole, bila ya mahadhi yoyote, na ule mstari aliusoma kweli. Thaa yake bado ina kazi. Cheti tulimwomba mama yake aturudishie, akatupa.

Katika miaka ile tulitoa vyeti vya namna hiyo 31. Tunaviomba vyote. Kila mtoto aliyepewa atasikilizwa upya na mmoja wetu, uso kwa uso kwa waliopo hapa na peke yake kwa walioko mbali, bila ya malipo. Atakayekuwa anasoma kweli atapewa kingine, na atakayekuwa hajui tutaanza naye, na ada ya muda wote uliopita tutaihesabu kuwa ni ya muda ujao. Daftari la majina liko kwa katibu, upande wa kulia wa mlango mkubwa, usiku huu na kila baada ya Isha hadi Alkhamisi. Walioko ng'ambo jamaa zao wanaweza kuwaandikisha. Njooni na cheti.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.